Zawadi Isiyomlemea Mpokeaji

Kila zawadi huja na kazi yake. Aliyepewa ataibeba hadi nyumbani, ataitafutia pa kuiweka, ataikumbuka siku ya kurudisha fadhila, na isipomfaa itabidi aitoe kabatini kila mtoaji anapobisha hodi. Kwa hiyo swali la kuanzia si "nimpelekee nini?" bali "nitamwachia mzigo gani?" Ukijiuliza hivyo, nusu ya vitu ulivyoviona dukani vitajiondoa vyenyewe, na utabaki na vichache vinavyostahili fedha yako.

Kiasi kwanza

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Watu huichukua methali hii kama faraja ya mwenye kidogo, ila inamhusu mwenye kingi pia. Zawadi inayozidi uhusiano humtia mpokeaji deni asiloliomba. Japani jambo hili liko wazi kuliko kwingi: familia iliyoletewa zawadi ya mtoto mchanga hutarajiwa kurudisha kitu chenye thamani ya theluthi hadi nusu ya ilichopewa, kwa kawaida mtoto akifikisha mwezi mmoja hivi. Sasa mfikirie mama aliyekesha na kichanga, analazimika kupiga hesabu, kununua na kutuma, kwa sababu mgeni mmoja aliona vema kutoa maradufu ya wenzake. Mahali pasipo na utaratibu wa wazi kama huo, hesabu bado ipo, ila inapigwa kimoyomoyo.

Jipime hivi: siku yako ikifika, mtu huyu ataweza kukuletea kitu cha kiasi hicho bila kukopa? Kama hawezi, punguza, au ungana na wenzako mtoe kwa pamoja ili deni lisibaki na jina la mtu mmoja. Wazazi kwa watoto, na babu na bibi kwa wajukuu, hawamo katika kipimo hiki. Huko fadhila hushuka, wala haidaiwi kupanda.

Kuna mahali pa kutotoa kabisa. Mwalimu anayesahihisha mtihani wa mwanao, ofisa anayeamua zabuni yako, mkubwa anayejaza fomu ya kupandishwa kwako cheo: ukimpelekea kitu kabla hajaamua, umemweka pabaya hata kama nia yako ni safi. Subiri jambo liishe, kisha mwandikie barua ya shukrani na nakala umpelekee mkuu wake. Barua ya namna hiyo humfaa kazini miaka mingi.

Mtoto akizaliwa

Hapa ndipo watu wengi hutoa kwa upendo na kukosea kwa pamoja, kwa sababu wote hununua nguo ndogo kabisa. Watoto wengi huziacha nguo za saizi ya kwanza baada ya wiki chache tu. Nunua ya miezi 6 hadi 12, na kabla ya kulipa hesabu miezi kwenye vidole. Mtoto aliyezaliwa Machi ataivaa nguo ya miezi 9 mwezi wa Desemba. Je, kwao Desemba ni baridi au joto? Sweta nzito itakayomtosha msimu wa jua kali haitavaliwa hata mara moja, na msimu wa baridi ukirudi itakuwa imembana.

Chagua pamba, shingo pana au nguo inayofunguka mbele kwa vishikizo vya kubana, isiyo na utepe shingoni wala shanga za kushonea. Usikate lebo, na weka risiti isiyoonyesha bei, ili mama aweze kubadilisha saizi.

Mto, godoro laini la kuongezea, blanketi nzito na midoli ya manyoya ya kuweka kitandani visipelekwe kwa ajili ya usingizi wa mtoto. Mtoto wa chini ya mwaka 1 anatakiwa alale chali, juu ya kitu kigumu na tambarare, bila kitu laini karibu na uso wake, kwa kuwa kinaweza kumziba pumzi. Asali nayo isubiri atimize miezi 12; huweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu tumboni mwa mtoto mchanga. Marashi makali na sabuni zenye harufu nzito ziweke mbali na mtoto na anayemnyonyesha.

Vitu vya kuchezea vina kipimo rahisi cha nyumbani. Chukua bomba la karatasi ngumu linalobaki karatasi ya chooni ikiisha. Upana wake ni kama sentimita 4. Kitu chochote, au kipande chochote kinachoweza kung'oka, kikipita ndani ya bomba hilo, hakifai kwa mtoto wa chini ya miaka 3 kwa sababu kinaweza kumkaba. Kisha geuza kitu hicho utazame mahali pa betri. Betri zile bapa za duara, zinazofanana na kishikizo, mtoto akimeza zinaweza kumuunguza koo vibaya ndani ya saa 2. Kama kifuniko hakifungwi kwa skrubu, kirudishe rafuni.

Kuhusu wakati, uliza kwanza. Katika familia nyingi za Kiyahudi, kwa mfano, vitu vya mtoto haviingizwi nyumbani kabla hajazaliwa. Anayefika na furushi wakati mimba ina miezi 7 huwatia watu hofu badala ya furaha. Ukiwa huna uhakika, nunua, uweke kwako, upeleke baada ya kujifungua.

Na mama mwenyewe? Wageni wote huleta vya mtoto. Mpelekee yeye kitu: mafuta ya mwili yasiyo na harufu, gauni jepesi linalofunguka mbele kwa kunyonyeshea, au nusu siku ya mikono yako, ufue, upike, uondoke. Hiyo ya mwisho haina bei dukani, na hakuna anayeikataa.

Siku ya kuzaliwa na mahafali

Siku ya kuzaliwa hujirudia kila mwaka, kwa hiyo usiianzishe kwa kiwango usichoweza kukirudia. Mtoto humkumbuka aliyekaa chini na kucheza naye kile alichomletea.

Anayehitimu mara nyingi anakaribia kuhama. Chochote kisichoingia kwenye begi moja ataacha kwa wazazi. Fedha taslimu si uvivu hapa. Ndiyo zawadi anayoihitaji, mradi uandike kwa nini umempa. Ukinunua kifaa cha umeme kwa anayekwenda nchi nyingine, soma kibandiko nyuma. Kilichoandikwa 100–240V hufanya kazi karibu popote kwa kubadilisha plagi tu, lakini cha 220–240V pekee hakitafanya kazi vizuri Marekani au Japani.

Ndoa

Kama wameandaa orodha, ifuate na umjulishe anayeitunza mara tu unaponunua, la sivyo pasi tatu zitakutana meza moja. Kitu kikubwa kipelekwe nyumbani siku kadhaa kabla, kisiletwe ukumbini. Siku yenyewe hakuna mwenye nafasi ya kukilinda, na usiku ni jamaa waliochoka watakaokibeba. Kadi hupotezana na zawadi yake wakati wa kuhamishwa, kwa hiyo andika jina lako kwenye kipande kidogo cha karatasi na ukibandike chini ya kitu chenyewe, ndani ya fungashio. Kwa bahasha, jina liandikwe nje na tena ndani.

Kiasi cha fedha kina adabu yake, na ukialikwa kwa watu wa desturi nyingine inafaa kujua. Japani rafiki wa kawaida hutoa yeni 30,000, noti mpya, idadi isiyogawanyika kwa mbili, ili ndoa nayo isigawanyike. Nne huepukwa kwa kuwa jina lake hufanana na neno la kifo. Wachina nao huiogopa nne kwa sababu hiyohiyo, lakini kwenye harusi hupenda namba shufwa, hasa nane, na bahasha iwe nyekundu. India hutolewa 101, 501 au 1,101. Ile moja ya mwisho ndiyo yenye baraka, kwa maana ya kuendelea. Wayahudi hutoa 18 na mafungu yake, kwa kuwa herufi za neno la Kiebrania la uhai, zikihesabiwa, zinafika 18. Yote haya ni mambo ya kuongeza au kupunguza noti moja tu, na mwenyeji akiona umejali atafurahi kuliko kiasi chenyewe.

Ukitoa dhahabu, soma muhuri. Karati 24 ni dhahabu tupu, nayo ni laini mno kwa pete ya kuvaliwa kila siku. Alama 916 ni karati 22, 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9. Namba hizo ni sehemu za dhahabu katika elfu, kwa hiyo 750 ina robo ya madini mengine. Kwa fedha ile ya vito, tafuta 925. Mwambie muuzaji aandike kwenye risiti uzito wa dhahabu bila mawe. Kito kikipimwa pamoja na jiwe la kioo, utalipia kioo kwa bei ya dhahabu. Risiti hiyo mkabidhi mpokeaji baadaye, faraghani, kwa kuwa siku akitaka kuuza au kubadilisha ataulizwa. Kwa mwanamume Mwislamu chagua fedha, si dhahabu wala hariri.

Kisu ni zawadi nzuri ya jikoni, lakini katika nchi nyingi za Ulaya husemwa kwamba hukata urafiki. Dawa yake ni sarafu: mpokeaji hukurudishia sarafu moja, ikawa amekinunua. Mtoaji mwerevu huibandika sarafu hiyo kwenye ala ya kisu mapema.

Kumbukumbu za ndoa zina majina yake: mwaka wa 1 karatasi, wa 25 fedha, wa 50 dhahabu, wa 60 almasi. Ile orodha ndefu yenye kitu cha karibu kila mwaka ilipanuliwa na chama cha wauza vito wa Marekani mwaka 1937, kwa hiyo usijione umekosa adabu kwa kutoifuata. Barua ya kurasa mbili kwenye kumbukumbu ya kwanza inatosha, na ni karatasi.

Nyumba mpya na kustaafu

Anayehamia nyumba hana shida ya mapambo, ana shida ya vitu vidogo alivyovisahau: balbu, waya wa kuongezea umeme, ndoo, seti ya bisibisi. Mapambo yasubiri uone rangi za kuta.

Anayestaafu usimpe tena kitu chenye nembo ya ofisi. Muulize mwenzi wake au mwanawe mstaafu anapanga kufanya nini Jumatatu ya kwanza, kisha nunua cha kumsaidia siku hiyo. Saa ya ukutani ni mazoea ya maofisi mengi, ila usimpe Mchina: maneno "kutoa saa" kwa Kichina hutamkwa sawa na maneno ya kumsindikiza mtu kufa.

Msiba na ugonjwa

Fedha ya rambirambi hukabidhiwa mtu mmoja aliyechaguliwa na familia, ikiwa kwenye bahasha yenye jina na kiasi, iandikwe daftarini mbele yako. Usimpe mfiwa mkononi. Hana mfuko wa kuiweka wala kichwa cha kuikumbuka, na ikipotea atalaumiwa mtu asiye na kosa. Kwa Wajapani, noti mpya hazitumiki msibani kwa kuwa zinaonyesha ulijiandaa mapema; ukiwa na mpya tu, zikunje kwanza.

Maua yana lugha yake. Urusi, Ukraine na Poland, aliye hai hupewa idadi witiri, na shufwa ni ya marehemu, kwa hiyo hesabu kabla muuzaji hajayafunga, hata kama ni ya sherehe. Ufaransa na Italia krisanthemamu ni maua ya makaburini. Usimpelekee aliyekualika chakula cha jioni. Familia za Kiyahudi zenye kufuata mila hazipokei maua msibani. Kwao peleka chakula, ukiwa umeuliza kwanza masharti yao ya mapishi.

Chakula cha wafiwa kiwe kwenye vyombo visivyodaiwa. Hakuna jambo linalochosha kama kuosha vyombo 15 na kukumbuka kila kimoja ni cha nani. Gawa sehemu za watu wawili au watatu, na kwenye kila kifuniko andika ni chakula gani, kimepikwa tarehe ngapi, na kipashwe moto vipi.

Ila kikubwa zaidi ni wakati. Wiki ya kwanza nyumba hujaa, na wiki ya tatu imebaki mtu mmoja na ukimya. Siku unaporudi kutoka mazikoni, andika kwenye kalenda yako tarehe tatu: baada ya siku 21, miezi 3, na mwaka 1. Hizo ndizo siku za kwenda. Na usiseme "ukihitaji chochote niambie". Umemwachia aliyefiwa kazi ya kuwaza na kuomba. Sema "Alhamisi saa kumi nitawachukua watoto shuleni, watalala kwangu, nitawarudisha Ijumaa."

Kwa mgonjwa hospitalini, piga simu wodini kwanza. Wodi za wagonjwa mahututi mara nyingi haziruhusu maua, na chakula hutegemea maagizo ya daktari. Waya mrefu wa kuchajia simu, soksi na mafuta ya midomo havikataliwi mara nyingi.

Mkichanga pamoja

Anayekusanya fedha na anayenunua wawe watu wawili. Tangazeni kiwango cha juu cha kila mtu badala ya cha chini, ili mwenye kidogo asione haya. Siku ya mwisho iwe siku 10 kabla ya tukio, na baada ya hapo nunueni kwa fedha iliyopo, si kwa ahadi. Mkiwa 24 na waliotoa ni 17, bajeti ni ya hao 17. Kosa linalovunja vikundi ni mtu mmoja kujazia kwa fedha yake akitumaini kuwadai wengine. Atadai mara mbili, kisha atanyamaza na kinyongo. Kubalianeni mapema kwamba chenji inaingia kwenye bahasha ya mpokeaji, na hesabu itumwe kwa wote siku ileile ya kununua. Kwenye kadi yaandikwe majina ya wote, bila viwango.

Kufunga

Tuseme boksi lina urefu wa sm 30, upana wa sm 20 na kimo cha sm 8. Karatasi inayolizunguka ni mara mbili ya upana na kimo kwa pamoja, yaani sm 56, ongeza 3 za kupishana: sm 59. Upande wa pili ni urefu wa boksi na kimo mara moja na nusu: 30 na 12, jumla sm 42. Ukizidisha, ncha zitavimba; ukipunguza, boksi litachungulia. Izungushe karatasi kabla ya kukata uone kama hesabu imekaa.

Ondoa bei kwanza. Pasha kibandiko kwa mashine ya kukaushia nywele nusu dakika, kitabanduka kizima. Gundi iliyobaki ipake mafuta ya kupikia kidogo kisha ufute. Laza boksi uso ukiwa chini, ili maungio yabaki mgongoni. Kunja ukingo mmoja wa karatasi ndani sm 1 na nusu upate mstari ulionyooka, vuta karatasi ikaze, bandika. Kwenye ncha, sukuma pande mbili za kushoto na kulia ndani hadi zifanye pembetatu, shusha ya juu, pandisha ya chini, bandika. Pitisha ukucha kwenye kila kona. Hapo ndipo tofauti ya mkono wa fundi na wa mwenye haraka inapoonekana. Utepe wa kupita njia mbili unahitaji urefu mara 2, upana mara 2 na kimo mara 4, yaani sm 132, na sm 60 za fundo. Kata mita 2.

Kitambaa ni bora kuliko karatasi, maana hutumika tena. Cha mraba kinachofaa ni kile ambacho kutoka pembe hadi pembe inayoikabili ni mara 3 ya upande mrefu wa kitu. Kwa boksi letu ni sm 90, ambayo ni kitambaa cha sm 70 kila upande ukiacha nafasi ya fundo.

Kukabidhi na kupokea

Kwa Waislamu na Wahindi toa kwa mkono wa kulia. Kwa Wajapani, Wachina na Wakorea tumia miwili. China na Japani, kwa desturi, zawadi haifunguliwi mbele ya mtoaji, wakati Marekani asiyefungua huonekana hakujali. Usipojua, mwachie nafasi: "fungua ukipata wakati." Usiidharau zawadi yako kwa maneno mengi, wala usitaje ulivyohangaika kuipata. Kwenye kadi sentensi tatu zinatosha: unampongezea nini, kwa nini ulichagua kitu hiki, na jambo moja unalolikumbuka kumhusu.

Mpokeaji awe na daftari: jina, kitu, tarehe, na alama ya kushukuru. Shukrani iende ndani ya wiki mbili, ikitaja kitu kwa jina na kinavyotumika. "Asante kwa zawadi" huonyesha hujui nani alileta nini. Kisichokufaa unaweza kumpa mwingine, ila toa kadi, chungulia ndani kama hakuna maandishi, na kisiende kwa mtu anayejuana na aliyekuletea.

Ukipewa kikubwa kuliko uwezo wako, usikimbilie kurudisha kesho yake kitu cha bei ileile. Kulipa haraka hivyo ni kama kumwambia mtu kwamba hutaki kubaki na chake. Mshukuru, andika daftarini, na usubiri siku yake mwenyewe ifike, mtoto wake amehitimu au yeye amelazwa, uende na ulicho nacho.